Aibu Inayouzwa kwa Kopo

Kama uko jikoni, endelea na shughuli zako. Kama uko safarini, mwombe dereva aongeze sauti ya redio kidogo, maana jambo la leo linamhusu na yeye pia, na mkewe, na binti yake. Nataka tuzungumze juu ya mwili: ngozi, nywele, kiuno, na juu ya wafanyabiashara wanaoamka kila asubuhi kutuambia kwamba mwili tuliozaliwa nao una kasoro, kwamba dawa ya kasoro hiyo wanayo wao, na kwamba ina bei.

Nianze na mkorogo. Hakuna mtu mzima wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa anayehitaji kuelezwa mkorogo ni kitu gani. Muuzaji huchota krimu ya kopo hili, akamimina losheni ya chupa ile, akakamulia tyubu moja au mbili, akakoroga, akakujazia kikopo kisicho na jina, upake ngozi iwe nyeupe. Wako wanaoongeza hata jiki. Ndani ya kikopo mna nini hasa, mnunuzi hajui, na mara nyingi hata aliyekoroga hajui, kwa sababu vibandiko vya makopo aliyoanzia navyo si vya kuaminika.

Vitu vinavyopatikana humo mara kwa mara vinajulikana, kwa kuwa watu wa maabara wamevipima miaka mingi. Kuna haidrokwinoni, kemikali inayozuia chembe za ngozi zisitengeneze melanini, ile rangi yetu. Kuna zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huitumia kunasia dhahabu. Na kuna steroidi kali kama klobetasoli, dawa halali kabisa ambayo daktari humwandikia mgonjwa wa pumu ya ngozi aipake kidogo, mahali padogo, kwa wiki chache tu. Mwenye mkorogo huipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka.

Sasa tuulizane: hiyo melanini inayochukiwa hivyo ina kazi gani? Inazuia miale ya jua isiharibu chembe za mwili. Anayetaka kujua thamani yake na aende Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha kanda cha kufundishia wataalamu wa magonjwa ya ngozi. Pale hutengenezwa krimu ya kujikinga na jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ndugu zetu ambao miili yao haitengenezi melanini ya kutosha, na ambao saratani ya ngozi huwaandama tangu wangali vijana. Nchi ni moja, jua ni moja. Mmoja anahangaika kupata kinga ambayo hakuzaliwa nayo, mwingine analipa fedha ili aliyozaliwa nayo iondolewe. Jambo hili linaniuma, na ndiyo sababu nimeomba muda wa leo.

Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba. Mishipa huanza kuonekana, michirizi hujitokeza mapajani na mikononi, fangasi hupata makao. Madaktari wa upasuaji wanaijua taabu ya kushona ngozi ya namna hiyo: uzi haushiki vizuri na kidonda huchelewa kufunga. Mfikirie mama anayejifungua kwa upasuaji akiwa na ngozi iliyodhoofika hivyo. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa miaka, huleta ugonjwa ambao huligeuza shavu kuwa jeusi la kibuluu, madoa yaliyokwenda ndani ambayo hayatoki kwa kusugua wala kwa dawa. Yaani kilichonunuliwa ili kuondoa weusi kinaleta weusi mwingine, mbaya zaidi, usio wa kuzaliwa. Na mtumiaji akiuona hudhani mkorogo wake umeisha nguvu, basi anaongeza.

Zebaki ndiyo inayonitisha kuliko zote, kwa kuwa haibaki kwenye ngozi. Hupenya, huingia kwenye damu, hufika kwenye figo. Hili limejulikana hapa kwetu kitambo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili na kuvujisha protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Ni zaidi ya miaka 50 sasa. Bibi zetu walikuwa wasichana wakati habari hiyo inachapishwa.

Na walioziuza walijua. Mwaka 1976 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilitoa agizo la vipodozi lililopiga marufuku zebaki kwenye bidhaa za urembo, isipokuwa matumizi machache madogo. Lakini marufuku ya kutengeneza sabuni zenye zebaki huko Ulaya na kuzipeleka kuuzwa nje ilikuja mwaka 2003. Piga hesabu mwenyewe: miaka 27. Kwa muda wote huo, kitu kilichoonekana ni sumu kwa shavu la mama wa Brussels kiliweza kupakiwa melini kwenda kwa mama wa Afrika. Ninapomsikia mtu anasema wanawake wetu wamejitakia wenyewe, hukumbuka miaka hiyo 27.

Hapo ndipo penye shina la mazungumzo yangu. Tumezoea kumcheka anayejichubua. Mnaujua msemo wa uso Fanta, miguu Coca-Cola. Mnajua jinsi watu wanavyotazama vifundo vya vidole vya dada anayepita, vile vifundo vilivyogoma kung'aa, wakapeana macho. Kicheko kile hakijamwokoa mtu hata mmoja. Kinamfundisha dada yule kwamba mwili wake ni mali ya kutazamwa na kutolewa hukumu, na hilo ndilo somo lile lile alilofundishwa na tangazo la krimu. Anayecheka na anayeuza wanafanya kazi moja.

Tumewahi kujaribu, katika nchi hii ya Tanzania, kuwaandama watumiaji. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, iliyotakiwa kuanza rasmi Januari mosi 1969. Katika orodha ya vilivyokatazwa kulikuwa na sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, na krimu za kujichubua. Hoja yake ilikuwa heshima ya Mwafrika na utamaduni wake, na mimi siibezi hoja hiyo. Lakini kilichotokea mitaani ni kwamba makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake Kariakoo, yakawashusha kwenye mabasi, yakawapiga na kuwachania nguo. Mwingizaji wa krimu hakuchaniwa shati. Mwenye kiwanda hakushushwa kwenye basi. Heshima ya Mwafrika ilitetewa kwa kumdhalilisha Mwafrika, na mkorogo haukwisha.

Afrika Kusini walikwenda njia nyingine. Baada ya kampeni ndefu ya madaktari wa ngozi na wanaharakati wa kupinga ubaguzi, serikali ya huko mwaka 1990 ilikataza haidrokwinoni katika vipodozi, na zaidi ya hapo ikakataza matangazo yasidai kwamba kipodozi kinachubua au kinaifanya ngozi iwe nyeupe. Sikiliza vizuri hilo la pili. Walilikamata neno lenyewe la tangazo, ahadi yenyewe, kwa sababu waliona kwamba kemikali moja ikizuiwa huja nyingine, lakini ahadi ikizibwa mdomo biashara inapoteza chambo chake. Mkorogo haujaisha hata huko, na bidhaa za magendo zipo. Hata hivyo naona walipiga mahali penyewe.

Kwetu sheria zipo. Tanzania inakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS, baada ya kuondolewa kutoka kwa mamlaka ya chakula na dawa. Mwaka huo huo Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kukataza utengenezaji na uingizaji wa bidhaa zenye haidrokwinoni. Rwanda ilikuwa imeanza msako mwishoni mwa 2018, polisi wakipita maduka kwa maduka. Na dunia nzima ina Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, wakapooza na kuzaa watoto walemavu. Mkataba huo ulianza kufanya kazi mwaka 2017. Mwanzoni uliruhusu chembe kidogo sana ya zebaki kwenye vipodozi. Mwaka 2023, kwenye mkutano wa Geneva, nchi zilikubaliana kwamba hata hiyo kidogo iondoke ifikapo 2025.

Yote hayo ni mema. Lakini sheria hukamata kopo, na kopo ni la mwisho katika safari. La kwanza ni picha. Mtu hanunui dawa kabla hajaaminishwa kwamba ni mgonjwa.

Tusijidanganye kwamba kupendelea weupe kuliletwa na televisheni. Kuna ubaguzi wa rangi ya ngozi uliokuwepo pwani tangu zamani, wakati watu walipopimana kwa nasaba na kwa nani alikuwa mtumwa wa nani. Halafu ukaja utawala wa kikoloni ukaupa majengo. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilijengwa na Wajerumani kwa ajili ya Wazungu, wenyeji wakatibiwa hospitali ya Sewa Haji. Chini ya Waingereza shule zilitengwa: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Mtoto aliyekua akiona hivyo hakuhitaji tangazo kumwambia rangi ipi inafungua mlango. Matangazo yalikuja baadaye yakapanda juu ya msingi uliokwisha kuchimbwa.

Nchini India, mwaka 1975, ilianza kuuzwa krimu iitwayo Fair & Lovely, ambayo baadaye ilifika hadi kwenye maduka yetu. Hadithi ya matangazo yake kwa miaka mingi ilikuwa moja: msichana mweusi amekosa kazi, amekosa mchumba, mzazi ana huzuni, anapaka krimu, anang'aa, kazi inapatikana, mchumba anakuja, mzazi anatabasamu. Angalia jinsi hadithi ilivyojengwa. Kabla ya kukuuzia krimu, ilibidi ikuuzie aibu. Ilibidi kwanza msichana aliyekuwa amekaa zake sebuleni, hana habari, aambiwe kwamba kukosa kazi kwake kunatokana na uso wake. Mwaka 2020, dunia ilipotikiswa na maandamano baada ya kuuawa kwa George Floyd huko Marekani, kampuni ilibadilisha jina la krimu hiyo ikawa Glow & Lovely. Neno la weupe, Fair, likaondoka kwenye kopo. Kopo lenyewe likabaki dukani.

Na tusiseme wasichana hao ni wajinga. Wanasoma soko kwa macho yao. Wanaona nani anawekwa mapokezi, nani anachezeshwa kwenye video ya muziki, nani anaitwa cheupe dawa na nani anaitwa mkaa. Wanasoma matangazo ya kazi yanayotaka mwenye mwonekano wa kuvutia. Mtu akishayaona yote hayo akaenda kununua kikopo, amefanya hesabu. Hesabu ina makosa, lakini tarakimu alipewa na sisi.

Kuna utafiti mmoja ambao kila nikiufikiria huniacha kimya. Ulifanyika mbali sana na kwetu, katika visiwa vya Fiji, kwenye bahari ya Pasifiki. Wafiji ni watu wanaofanana nasi kwa jambo moja: kwao mwili wenye nyama ni sifa, ni dalili kwamba umetunzwa na nduguzo, na mtu akikonda jamaa hushtuka. Kwetu pia mgeni akiambiwa amenenepa hujua anasifiwa. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika eneo la Nadroga. Mtafiti wa Marekani, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache tu baada ya televisheni kuingia, kisha akahoji kundi jingine la wasichana wa umri huo mwaka 1998. Mwaka 1995 hakupatikana hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11. Wale ambao majibu yao yalionyesha hatari ya ugonjwa wa ulaji waliongezeka kutoka karibu asilimia 13 hadi asilimia 29. Robo tatu hivi ya wasichana wa kundi la pili walisema wamewahi kujiona wanene mno. Miaka mitatu tu, tamthilia za kigeni usiku, na binti aliyelelewa kuupenda mwili wake akaanza kuinama chooni na kidole kinywani.

Hiyo ilikuwa televisheni moja sebuleni, inayotazamwa na kijiji. Leo kila binti ana skrini yake mkononi, analala nayo.

Na kilichomo ndani ya skrini hiyo si watu kama walivyo. Novemba 2017 Lupita Nyong'o, mwana wa Kenya, mshindi wa Oscar ya mwaka 2014, alitokea kwenye jalada la jarida la Grazia la Uingereza. Nywele zake zilikuwa zimebanwa nyuma, sehemu ikiwa imefumuka kwa asili yake. Jalada lilipotoka, zile zilizofumuka zilikuwa zimefutwa, na nyingine zimelainishwa kwa kompyuta. Yeye mwenyewe alizitoa hadharani picha za awali, watu wakaona kilichoondolewa. Mpiga picha aliomba radhi. Sasa fikiria: kama mwanamke anayesifiwa dunia nzima kwa uzuri wake alionekana hatoshi, msichana wa Tandale atatosha kwa nani?

Lupita huyo huyo, mapema mwaka 2014, alieleza hadharani juu ya barua aliyoandikiwa na msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kung'arisha, akaghairi baada ya kumwona yeye akisifiwa. Naye akasema kwamba utotoni alimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe, mpaka alipomwona Alek Wek, mwanamitindo Mdinka kutoka Sudan Kusini, mwenye weusi kama wake, akipendwa. Baadaye aliandika kitabu cha watoto, Sulwe, kilichotoka mwaka 2019. Mimi nachukua funzo moja hapo: sura moja ikionekana mahali pake inaweza kumvuta mtu kutoka ukingoni. Basi sura zinazoonekana ni jambo zito, na wanaozichagua wana dhamana kubwa.

Siku hizi kuhariri hakuhitaji hata jarida. Simu yenyewe, ukiifungua kamera, inakupa filta inayochonga pua, inayopanua macho, inayokutoa weusi bila kukuuliza. Binti anaona uso wake kwenye simu, kisha anaona uso wake kwenye kioo cha bafuni, na cha bafuni ndicho kinachoonekana kimekosea. Hapo awali alijilinganisha na malkia wa urembo. Sasa anajilinganisha na nafsi yake iliyosahihishwa, na huyo hawezi kumshinda kamwe. Mwaka 2021, nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilizovujishwa na mfanyakazi wake wa zamani, Frances Haugen, zilionyesha kwamba watafiti wa kampuni hiyo walikuwa wamebaini kwamba, kati ya wasichana waliokuwa tayari wanajisikia vibaya juu ya miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia. Kampuni iliyajua hayo, umma haukuambiwa.

Kuna nchi zilizochukua hatua. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, inataka picha ya tangazo ambayo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kunenepeshwa kwa kompyuta iandikwe kwamba imehaririwa. Norway ilipitisha sheria mwaka 2021 yenye shabaha hiyo hiyo, inayowabana hata wale wanaolipwa kutangaza bidhaa kwenye kurasa zao binafsi. Sioni sababu ya sisi kushindwa. Kibandiko kidogo kwenye bango la losheni, cha Kiswahili, kikisema rangi ya ngozi ya mtu huyu imebadilishwa kwa kompyuta, hakigharimu chochote ila ukweli.

Kuhusu maumbo nitasema machache. Wanaokumbuka mashindano ya urembo ya miaka ya tisini watakumbuka kwamba sifa ilikuwa wembamba na urefu kama wa mlingoti, na wenye makalio walijificha kwa nguo pana. Leo sifa ni umbo namba nane, na wembamba ndio wanaovaa vigodoro na kumeza vidonge wasivyojua asili yake. Mwili wa mwanadamu haubadiliki hivyo katika miaka 25. Kilichobadilika ni bidhaa. Na wanaume, msidhani mmepona, maana kijana wa leo naye anakunywa unga wa kujaza kifua na anaona haya kuvua shati ufukweni.

Ninaporudi kutafuta mtu aliyesimama akakataa, huwa namkumbuka Flaviana Matata. Mwaka 2007 alikwenda Mexico City kuiwakilisha Tanzania kwenye Miss Universe, kichwa amekinyoa, katika mashindano ambayo nywele ndefu zilikuwa kama tiketi ya kuingilia. Akafika kumi bora. Kilichonigusa ni hiki: kichwa kile ndicho kichwa cha wasichana wetu wengi wa shule, wanaokatwa nywele fupi wakidhani kwamba urembo utaanza siku watakayomaliza na kuziachia. Kumbe kilikuwa kichwa cha jukwaani tangu hapo. Miaka 12 baadaye, Desemba 2019, Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini, mweusi, nywele zake fupi za asili, alivishwa taji lenyewe huko Atlanta.

Sisemi watu wasijipambe. Pwani yetu ina elimu kubwa ya kupamba mwili: singo ya bibi harusi, liwa, manjano, hina na piko, wanja, asumini kichwani, udi chini ya kanga. Somo anayemsinga mwali huigusa ile ngozi kwa mikono yake, siku baada ya siku, akiilainisha na kuitia harufu nzuri. Mwali hutoka ndani na mwili wake mwenyewe, umependeza. Nina hakika wapo waliotumia manjano kwa kutafuta weupe, na huko nako ndugu wa bibi harusi walijua kusema maneno makali. Hata hivyo ule mguso wa mikono ya jamaa ulimpa binti kitu ambacho kikopo hakimpi: alijua kwamba mwili wake unastahili kuhangaikiwa.

Basi nyumbani tunasema nini? Mtoto anazaliwa, wageni wanakuja kumwona, na la kwanza ni masikio: wanaangalia masikio yatabashiri weusi gani. Binti anarudi kutoka bweni, shangazi anamwambia umeungua, umekuwa kama mkaa wa Kisarawe. Kaka na dada wamekaa pamoja, mgeni anamsifia mweupe, mwenzake anasikia. Sisi wazazi tunayaita utani. Mtoto huyapokea kama taarifa. Akifika miaka kumi na sita akakuta kikopo, tangazo linamkuta tayari ameandaliwa, na waliomwandaa wanampenda.

Mama, baba, shangazi, bibi: nawaombeni mwaache maneno hayo. Msifieni mtoto kwa kazi ya mikono yake, kwa akili, kwa huruma, na mwili wake msifieni pia, ulivyo, bila kuulinganisha na wa jirani. Mwenye ualbino nyumbani naye asiitwe kwa majina ya ajabu, wala asionewe huruma ya kumdogosha. Mpeni kofia pana, nguo za mikono mirefu, krimu yake ya jua, na nafasi yake mezani.

Na sisi wa redio tusijitoe. Vituo vyetu vinapokea fedha za matangazo ya bidhaa zinazoahidi kung'arisha, kutakatisha, kurudisha rangi halisi, na sauti zinazoyasoma ni zile zile ambazo msikilizaji huziamini kwa habari za msiba na za mvua. Nawaomba wenye vituo na wahariri wa vipindi wenzangu tukubaliane kukataa tangazo lolote linaloahidi weupe wa ngozi, hata likiwa na fedha nyingi. Nawaomba waongozaji wa video za muziki wawape mabinti weusi nafasi ya mbele kwenye video. Nawaomba TBS wasiishie kuchoma shehena mbele ya kamera, wafike hadi kwenye meza ya mkorogaji na kwa aliyemletea.

Kwa wewe unayetumia, sikulaumu, nataka uwe salama. Ukikuta kwenye kopo onyo linalosema bidhaa isigusane na fedha, dhahabu, mpira au aluminiamu, hiyo ni dalili ya zebaki, iache leo. Usimpakate mtoto ukiwa umeipaka, wala usimnyonyeshe kabla hujaonana na mtaalamu wa afya. Kama umetumia mkorogo wenye steroidi kwa miaka, usikatishe ghafla peke yako, kwa sababu ngozi inaweza kuvimba, kuwasha na kuungua, na wengi hapo hushindwa wakarudia. Nenda kituo cha afya, uulize wapi kuna daktari wa ngozi, na kikopo chako ukichukue mkononi, hata kama hakina jina. Mwonyeshe, mweleze umepaka kwa muda gani, na umwombe akupime figo.